Kiswahili cha Kampala: Maneno Yaliyoachwa na Vita

Msafiri atokaye Bukoba kwenda Kampala kwa basi hapati ile hali ya kuingia ugenini ambayo huwapata wasafiri wengine. Migomba aliyoiacha nyuma ndiyo inayompokea mbele. Senene wanaokaangwa Bukoba mwezi wa Novemba ndio wanaouzwa kwa vikombe katika masoko ya Kampala, na Mhaya akinyamaza na kusikiliza Kiganda kwa makini atayashika maneno mengi kabla hajafika Masaka. Hata mpakani Mutukula, ambako zamani mtu alipita majengo mawili yaliyotazamana kwa wasiwasi, siku hizi maafisa wa nchi zote mbili huketi chini ya paa moja. Kwa hiyo, ndugu msomaji, yanayofuata hapa si habari za nchi ya mbali. Ni habari za nyumba ya jirani, ambayo siku moja mwenyewe alitoka na rungu akaja kutuvunjia mlango.

Mimi nilizaliwa Bunazi, kaskazini ya Mto Kagera, mwaka 1978. Mwishoni mwa Oktoba mwaka huo, majeshi ya Idi Amin yalipovuka mpaka, nilikuwa na umri wa miezi minne, na nilivushwa daraja la Kyaka nikiwa mgongoni mwa mama. Siku chache baadaye daraja lenyewe likavunjwa. Mama alichukua vitu viwili tu: mimi na sufuria. Cherehani yake ya kuzungusha kwa mkono, aliyonunuliwa na baba kwa fedha za kahawa, aliifunika kwa kitenge akaiacha mvunguni mwa kitanda cha kamba. Tuliporudi mwaka uliofuata hapakuwa na cherehani, wala kitenge, wala kitanda. Hata mabati ya paa yalikuwa yamebanduliwa. Tangu hapo kila mtu wa kwetu aendaye Kampala hupewa na mama agizo moja, ambalo husemwa kwa mzaha lakini si mzaha wote: "Ukiiona cherehani yangu, uisalimie." Safari hii aliongeza la pili. "Uwatazame vizuri watu wale, mwanangu," aliniambia, "halafu uje uniambie walikuwa wanataka nini."

Swali la mama si jepesi kama linavyosikika. Vitabu vya historia hujibu kwa kusema kwamba Amin, aliyetwaa madaraka tarehe 25 Januari 1971, alikuwa amelikuza jeshi lake kutoka askari wapatao 7,000 hadi wapatao 20,000, na kwamba jeshi kubwa namna hiyo katika nchi iliyofilisika halishibi. Maafisa walilishwa kwa maduka na nyumba walizoziacha Waasia waliofukuzwa mwaka 1972. Maduka hayo yalipokauka, walilishwa kwa shehena za ndege zilizokuwa zikiruka hadi uwanja wa Stansted nchini Uingereza kuwaletea pombe na vitu vya anasa, zikilipwa kwa kahawa ya mkulima. Kufika mwaka 1978 askari walikuwa wamegawanyika makundi makundi, uasi ulianza kunong'onwa makambini, na wanahistoria wengi wanaona kwamba ugomvi ule wa ndani ndio uliomwagikia kwetu. Tarehe 1 Novemba Amin alitangaza kwamba eneo lote la kaskazini ya mto, kilometa za mraba zipatazo 1,800, sasa ni sehemu ya Uganda. Wananchi wa Uganda hawakuombwa rai. Walichoambiwa na redio yao ni kwamba Tanzania ndiyo iliyoanza.

Ilikuwa basi ni vita isiyokuwa na mwenyewe. Kwetu sisi haikuwa hivyo. Mwalimu Nyerere alipozungumza na wazee jijini Dar es Salaam tarehe 2 Novemba, hapakuwa na kijiji kilichouliza kwa nini. Vijana walijiandikisha, wakulima walitoa ng'ombe na mahindi, magari ya mashirika na ya watu binafsi yalielekezwa magharibi. Nayaeleza haya yanayojulikana kwa sababu tofauti hiyo, ya askari anayejua sababu na askari asiyeijua, ndiyo niliyoikuta ikingali hai Kampala, na niliikuta mahali ambapo sikuitazamia kabisa, yaani katika lugha.

Masaka nilishuka kwa muda wa kunywa chai. Mji huu ulitekwa na majeshi yetu tarehe 24 Februari 1979, na kesho yake ukafuata mji wa Mbarara. Yote miwili ilibomolewa vibaya. Wapo askari wetu waliopita Bunazi na Kyaka wakaona visima vilivyotupiwa maiti, na walipofika Masaka walilipa kisasi kwa mawe na matofali. Jambo hili halipendezi kuandikwa, lakini mtu wa Masaka mwenye umri wa miaka hamsini na kitu atakueleza hata usipomwuliza. Kwa miongo mingi magofu yale yaliachwa yasimame mjini, miti ikiota ndani ya vyumba. Mwanamke aliyenimiminia chai alinisikia nikizungumza, akaniuliza kwa Kiganda kama mimi ni wa Tanzania. Nilipoitikia aliongeza sukari katika kikombe changu bila kuniuliza kama naitaka.

Mbele ya Masaka ipo Lukaya, penye bwawa kubwa la mafunjo na barabara moja iliyonyooka katikati yake. Hapo, tarehe 10 na 11 Machi 1979, lilipiganwa pambano kubwa kuliko yote ya vita ile, na hapo walikuwapo askari wa Libya walioletwa kumsaidia Amin. Mamia yao walikufa katika vita hii ambayo wengi wao hawakujua hata ramani yake. Leo Lukaya ni mahali pa kununua ndizi za gonja zilizochomwa na kuku wa mshikaki. Wauzaji hukimbilia basi kwa vishindo, na abiria hugombea madirisha.

Kampala inakupokea kwa vilima na vumbi. Wenyeji husema mji umejengwa juu ya vilima saba, ingawa siku hizi umepanda vilima vingi zaidi ya hivyo, na kila kilima kina mwenyewe: Namirembe kanisa kuu la Kianglikana, Rubaga la Kikatoliki, Kibuli msikiti, Mengo Kabaka, Nakasero serikali, Kololo wenye fedha. Chini, bondeni, ndiko wanakoishi na kufanyia kazi watu wote waliobaki. Kituo cha magari cha zamani, ukikitazama kutoka juu, hufanana na bakuli lililojaa kunde nyeupe zinazochemka. Kunde hizo ndizo takisi, zile tunazoziita sisi daladala.

Hapo kituoni ndipo nilipofanya kosa la kwanza. Nilimwendea kijana wa pikipiki nikamsalimu kwa Kiswahili safi, nikamwuliza nauli ya kwenda Mengo. Alinitazama, akatazama pembeni, akanijibu kwa Kiingereza. Mtu wa pili akafanya vivyo hivyo. Wa tatu, mzee wa makamo aliyekuwa akiuza soksi, alinishika mkono kwa upole akaniambia kwa Kiganda, nami nikaelewa, kwamba mjini hapa nisiianze salamu kwa lugha ile, kwani watu hawatajua ninataka nini. Ajabu ni kwamba pikipiki yenyewe huitwa boda boda, jina lililozaliwa mpakani Busia, na leo limeenea Afrika Mashariki nzima. Kiswahili kimejaa Kampala. Ila kimeingia kwa mlango ambao mwenye nyumba hapendi kuutazama.

Nilipata chumba katika nyumba ya wageni karibu na Mengo, inayoendeshwa na mama mmoja mjane, mwalimu mstaafu. Mimi nilimwita Nnyabo, kama inavyompasa mgeni, naye tangu siku ya pili aliniita mutabani, yaani mwanangu. Alinipikia matoke kwa namna ya heshima, ndizi zimefungwa katika majani ya mgomba na kuivishwa kwa mvuke tangu asubuhi mpaka saa nane, pamoja na luwombo ya kuku na karanga. Wasomaji wetu wa kike waliozoea kuchemsha ndizi ndani ya maji wangeona ni kazi nyingi, lakini tofauti ya ladha ni kubwa, na majani yenyewe huacha harufu ambayo sufuria haiwezi kuitoa. Wakati wa kumenya ndizi, jioni, ndipo aliponifundisha Kiswahili cha Kampala.

Neno la kwanza alilonipa ni "magendo". Sisi pia tunalo, lakini kwao lilikuwa jina la zama nzima. Viwanda vya sukari vya Kakira na Lugazi vilidorora baada ya wenyewe kufukuzwa mwaka 1972. Sabuni ikawa ya kukatwa vipande, chumvi ikapimwa kwa kijiko. Kilichopatikana kilipatikana kwa magendo, na aliyekuwa na mkono katika magendo alikuwa askari au rafiki wa askari. Waliotajirika waliitwa "mafuta mingi". Neno hilo si sarufi njema, lakini halihitaji tafsiri. Nnyabo alisema kwamba mama wa nyumba wa siku zile alijua bei ya sukari ya leo kwa kutazama tu ni magari mangapi ya jeshi yamepita asubuhi.

Neno la pili, "saba saba". Hapa nilicheka, maana kwetu Saba Saba ni sikukuu na maonyesho ya biashara. Kampala ni jina la mizinga ya roketi ya jeshi letu. Mwezi wa Machi na Aprili 1979 mji ulilala ukiisikia sauti yake ikikaribia kilima kwa kilima. Nnyabo alikuwa bi harusi wa miezi sita. Walilala ndani ya mtaro wa maji nyuma ya nyumba, yeye na mumewe na wakwe zake, kwa usiku tisa. Entebbe ilianguka tarehe 7 Aprili. Barabara ya kwenda Jinja iliachwa wazi kwa makusudi, kwa amri kutoka Tanzania, ili Walibya wapate njia ya kuondoka badala ya kupigana mpaka mtu wa mwisho ndani ya mji. Na tarehe 11 Aprili Luteni Kanali David Oyite-Ojok alitangaza katika redio kwamba utawala wa Amin umekwisha.

"Askari wenu wa kwanza alifika kwangu saa tatu asubuhi," alisimulia. "Kijana mwembamba, viatu vimekwisha. Akasema, Shikamoo mama, naomba maji. Mimi niliogopa mpaka nikaketi chini. Miaka minane nilikuwa sijamsikia askari akiomba kitu."

Aliwaita "bakombozi", kama walivyoitwa na mji mzima, neno letu "wakombozi" likiwa limevaa kanzu ya Kiganda. Watu waliwavisha maua na kuwapa ndizi. Siku hizo hizo pia mji ulijipora wenyewe. Maduka yalivunjwa, maofisi yalibomolewa milango, watu walionekana wakibeba viti vya kuzunguka na majalada matupu. Nnyabo hakuficha kwamba mumewe alirudi nyumbani na mashine ya kupiga chapa isiyokuwa na utepe. Ilikaa chini ya meza miaka kumi, hakuna aliyeitumia, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kuitupa. Nilimweleza habari ya cherehani ya mama. Alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba alama za mashine ile bado zipo sakafuni, kama nataka kuziona. Sikutaka.

Ukombozi nao ulichakaa. Serikali ya Yusuf Lule, iliyotokana na mkutano wa Moshi, ilidumu siku 68. Ikaja ya Binaisa, ikaja Tume ya Kijeshi, ukaja uchaguzi wa Desemba 1980 uliobishaniwa na wengi. Usiku Kampala ilikuwa ya watu wenye bunduki, na asubuhi watu waliulizana nani amelala salama. Miongoni mwa bakombozi waliobaki kulinda mji, mbali na kwao, posho ikichelewa, wapo waliojifunza kuuza petroli na kupokea saa za mkononi vizuizini. Nnyabo alinieleza hili akitazama ndizi zake, hakunitazama mimi. Kisha akaongeza, kwa haki, kwamba walipoondoka, na kufika mwaka 1981 wengi wao walikuwa wamekwisha kuondoka, watu waliona afadhali wangebaki.

Maana neno lililofuata lilikuwa "panda gari". Sijawahi kudhani kwamba maneno mawili ya kawaida kama haya, ambayo konda wa Dar es Salaam huyatamka mara mia kwa siku, yanaweza kumfanya mtu mzima aache kisu na ndizi. Vita ya msituni ilianza tarehe 6 Februari 1981 kwa shambulio la kambi ya Kabamba, na jeshi la serikali ya Obote likaanza kuwatafuta waasi ndani ya mji. Askari walizingira mtaa alfajiri. Vijana wa kiume walitolewa nje, wakaketishwa chini, na kila aliyenyoshewa kidole aliambiwa maneno hayo mawili. Lori likishaondoka, mama zao walizunguka makambi kwa wiki nzima wakiwa na chakula mkononi. Wengine hawakurudi. Kaka yake Nnyabo, mwanafunzi wa ufundi, alipanda gari mwaka 1982.

Huko Luwero, kaskazini ya mji, mambo yalikuwa mabaya zaidi. Makadirio ya waliokufa yanatofautiana sana, lakini yote huhesabiwa kwa makumi ya maelfu au zaidi. Vita ilipokwisha, mafuvu yalipangwa kandokando ya barabara juu ya meza za mbao, ili apitaye aone. Na waliouteka mji tarehe 26 Januari 1986 walikuja na neno lao la Kiswahili pia, "kadogo": watoto yatima wa Luwero waliovaa magwanda yaliyowafika magotini, bunduki zikiburuzwa karibu na ardhi. Mji uliwatazama kwa mshangao, maana hawakupora. Nnyabo alimpa mmoja chapati. Anasema alikuwa na umri wa miaka kumi hivi, na aliila akiwa amesimama wima kama aliye kwenye gwaride.

Ndugu msomaji atanisamehe nikirudi kwenye hoja yangu ya lugha. Amin alitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa mwaka 1973. Katiba ya Uganda ilikipa nafasi ya lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya mwaka 2005, na Julai 2022 baraza la mawaziri liliamua kifundishwe shuleni. Haya yote ni mema. Lakini mtungaji wa mitaala aliyeko ofisini anadhani kazi yake ni kufundisha ngeli. Nnyabo, aliyefundisha watoto kwa miaka 34, anadhani kazi ya kwanza ni nyingine: watu wa rika lake walifundishwa lugha hii usiku, mlangoni, na waliosoma somo lao vizuri hawawezi kulisahau kwa amri ya baraza.

Siku ya tatu nilipanda Lubiri, boma la Kabaka. Hapo ndipo mwezi wa Mei 1966 majeshi ya Obote, yakiongozwa na Amin huyo huyo, yalipomshambulia Kabaka Mutesa, ambaye alitoroka akaenda kufia London mwaka 1969. Jeshi lilihamia ndani ya boma na kukaa miaka mingi. Ukishuka mteremko nyuma ya kasri, katikati ya nyasi na migomba, unafika kwenye mdomo wa handaki la zege. Lilichimbwa wakati wa Amin liwe ghala la silaha, likawa gereza. Vyumba vimepangwa upande mmoja, na korido mbele yake, nasi tuliambiwa na kiongozi wetu kwamba ilijazwa maji yaliyotiwa umeme ili mtu asivuke. Kutani pana alama za viganja na maandishi ya makaa. Nilikaa humo dakika chache tu. Kiongozi, kijana mwungwana aliyezaliwa baada ya hayo yote, alizoea wageni kutoka nje upesi, na alikuwa amesimama tayari na chupa ya maji.

Mchana wa siku hiyo nilipanda mnara wa msikiti mkuu wa Old Kampala. Ujenzi wake ulianza wakati wa Amin ukakwama. Ukamalizwa kwa fedha za Libya na kufunguliwa rasmi mwaka 2008, ukiitwa kwa jina la Gaddafi. Ni jengo zuri sana, na zulia lake ni laini. Kutoka juu unaona vilima vyote, na upande wa kusini-magharibi barabara ya Masaka ikipotea katika ukungu. Niliwafikiria vijana wa Libya walioletwa mpaka Lukaya. Wageni wenzangu walikuwa wakipiga picha.

Sasa nije kwa mlinzi. Nyumba ile ya wageni ilikuwa na mlinzi wa usiku, mzee mrefu, mweusi sana, mwenye koti la mvua hata pasipo mvua. Huyo ndiye mtu wa kwanza Kampala aliyenianza kwa Kiswahili kwa hiari yake. "Umeshindaje, bwana mdogo?" aliniuliza usiku wa kwanza, nami nikafurahi kama mtu aliyekutana na ndugu. Kiswahili chake kilikuwa cha kambini: kifupi, kimejaa amri, hakina "tafadhali", lakini kilitoka bila kukwama. Usiku wa nne tulikaa pamoja penye jiko la mkaa. Mzee huyu ni mwenyeji wa Arua, West Nile. Aliingia jeshini mwaka 1976, akiwa na miaka kumi na tisa, akapelekwa Masaka.

Nilimwuliza, kwa adabu, swali la mama. Mlikuwa mnataka nini?

Hakukasirika. "Sisi hatukuambiwa," alijibu. "Asubuhi moja tuliambiwa panda gari, tukapanda. Wengine walisema tunafukuza waasi. Wengine walisema kuna ng'ombe. Mimi nilikuwa na mshahara wa miezi miwili haujalipwa."

Alieleza kwamba Novemba walirudishwa nyuma wakisherehekea, magari yakiwa yamejaa mifugo na mabati, na kwamba furaha ile iliisha Januari mizinga ilipoanza. Maafisa ndio waliotangulia kuondoka. Aliwaona Masaka wakipakia friji na wake zao, dereva akipewa amri kwa lugha ya kwao ili askari wadogo wasielewe. Huko Lukaya aliambiwa apigane kandokando ya Mwarabu ambaye hakuweza hata kumwomba maji. Usiku wa pili alivua gwanda, akalizika ndani ya tope la mafunjo, akabaki na fulana, akatembea. Kampala alipita bila kusimama. Njiani mwanamke mmoja alimpa kanzu ya marehemu mumewe, akidhani yeye ni mkimbizi. "Nilikuwa mkimbizi," alisema.

Kwao hakukuwa kwema. Jeshi jipya lilipofika West Nile mwaka 1980 na 1981 lililipa kisasi kwa kila aliyezungumza lugha ya Amin au ya jirani yake. Katika misheni ya Ombaci, Juni 1981, waliuawa raia waliokuwa wamekimbilia hapo. Yeye alivuka kwenda Zaire na mama yake, wakaishi miaka sita kwa kulima mihogo ya watu. Mama yake alifia huko. Aliporudi Uganda hakumwambia mtu kazi aliyoifanya zamani. Mtaa anapoishi wanadhani alikuwa dereva.

Kisha akaniuliza mimi ni wa wapi. Nilimwambia Bunazi.

Alichochea mkaa kwa muda mrefu kuliko ulivyohitaji. Mbwa wa jirani alibweka akanyamaza. "Nilifika," alisema mwishowe. "Nyumba nyingi zilikuwa tupu. Mimi nilichukua godoro." Alilieleza kama mtu anayejibu mbele ya karani: godoro moja, la mistari, alilolifunga kwa kamba juu ya lori. Hata Masaka halikufika. Afisa mmoja alilipenda huko Kyotera akalishusha. Hakulala juu yake hata usiku mmoja. Hakuomba radhi, nami sikujua kama nilikuwa nangoja aombe. Aliniuliza tu kama mama yangu yu hai. Nilimwambia yu hai. Akainuka akaenda kuzunguka uzio, kama ilivyokuwa kazi yake, na taa yake ya mkononi nikaiona ikipita nyuma ya migomba mara mbili.

Asubuhi niliagana na Nnyabo, aliyenifungia luwombo iliyobaki ndani ya jani jipya. Mlinzi alikuwa amekwisha kutoka zamu. Nilipita soko la Owino kabla ya kupanda basi, mahali ambapo mafundi cherehani huketi safu kwa safu chini ya mabati, na mashine zinazovuma humo nyingine ni za kale kuliko uhuru wa nchi. Nilitembea polepole. Za mkono zilikuwa mbili tu, moja ya bibi aliyekuwa akipiga pindo la sare za shule. Niliisalimu, kwa sauti ya chini, kwa Kihaya. Yule bibi aliitikia kwa Kiganda, akidhani nimemsalimu yeye.

Basi liliposimama Lukaya, wauzaji wa gonja wakiwa wamejaa madirishani, nilimpigia mama simu. Nilimweleza yote: Nnyabo, handaki, mlinzi, mshahara wa miezi miwili, mihogo ya Zaire. Alisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo si desturi yake. Nikamweleza habari ya godoro.

"Godoro gani?" mama aliuliza. "Sisi hatukuwa na godoro. Tulilalia mkeka. Hilo litakuwa la zahanati, ndiyo yalikuwa ya mistari." Nikamsikia akimwambia mtu aliyekuwa naye kwamba ni lile la zahanati. Halafu akarudi kwenye simu.

"Na cherehani hukumwuliza?"